Lenzi za hesi kwa Spotmatic: Takumar au Helios?

MwanaKizingo
Wakuu, shikamooni. Mjomba amenirithisha Pentax Spotmatic, bodi tupu. Lenzi yake ililiwa na fangasi zamani. Shata inalia sawa spidi zote na sindano ya mita ya mwanga inacheza. Napiga watu zaidi: wazee barazani Mji wa Kale, harusi za nyumbani nikiitwa. Mkanda ninaoupata kwa urahisi ni wa ASA 400 (wepesi wake kwa mwanga).

Kuna muuzaji hapa Mombasa ana lenzi tatu za hesi ya M42, za kuskrubia kwenye bodi: Helios 44-2 58mm f/2 kwa 6,000, Super-Takumar 55mm f/1.8 kwa 9,000, na Super-Takumar 50mm f/1.4 kwa 16,000, ila kioo cha hii ya mwisho kimegeuka rangi ya chai. Moyo uko kwa Helios, kwa ile nyuma ya picha inayozunguka. Nichukue ipi?

FundiShata_Tanga
Marahaba. Kabla ya jina la lenzi, kuna jua lako. Saa sita mchana kwa ASA 400 na spidi ya 1/500, unapiga kwa f/16, yaani tundu la lenzi dogo sana; namba ikishuka, tundu linakua. Spotmatic inaishia 1/1000, kwa hiyo utafungua hadi f/11, basi. Hiyo f/1.4 ya 16,000 utaitumia lini? Kivulini, jioni, ndani ya nyumba. Na ile nyuma inayozunguka ya Helios inatokea kwenye f/2, tena mpaka majani yawe umbali fulani nyuma ya mtu. Juani huioni ng'o.

Rangi ya chai isikutishe. Kioo kimoja ndani kina thoriamu, na miaka ikipita kinageuka njano. Ukikiweka chini ya taa ya UV siku kadhaa kinarudi. Wengine huanika dirishani, lakini jua letu linayeyusha grisi ikashukia visu vya apecha (vinavyofungua na kufunga lile tundu), sikushauri. Kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe unaweza hata kuiacha hivyo hivyo: inakaa kama filta ya njano, na mita yako inapima kupitia lenzi, kwa hiyo inajirekebisha yenyewe.

Mimi ningechukua 55mm. Haina sifa mitandaoni, na ndiyo maana bei yake bado ya kibinadamu. Ina pini nyuma: unafokasi apecha ikiwa wazi, ukibonyeza inajifunga yenyewe. Kwa harusi hilo ni kubwa.

Zenit_wa_Bububu
Fundi unaionea Helios! Mie nimezeeka nayo kwenye kamera yangu ya Zenit. Haina pini, kweli: unachagua namba kwa pete moja, unafungua kwa pete ya pili, unafokasi, unaifunga kwa mkono, unapiga. Wazee wa barazani hawakimbii.

FundiShata_Tanga
Wazee hawakimbii, bibi harusi je? Ila nikupe haki yako: kwa kuwa Helios unaifunga kwa mkono, visu vikiwa na mafuta haijali. Takumar yenye mafuta, visu vinachelewa na picha inatoka imeungua kwa mwanga.

Kwa hiyo MwanaKizingo, nenda na tochi. Weka swichi ya lenzi kwenye A (otomatiki), fungua apecha wote, mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele na kwa mshazari. Vumbi achana nalo. Unatafuta nyuzi za fangasi zinazotambaa kutoka ukingoni. Halafu peleka pete kwenye f/16, bonyeza pini kwa ukucha na uiachie: visu viruke papo hapo, si kujikokota. Pwani hii lenzi safi isiyo na jina ina thamani kuliko yenye jina na fangasi. Na ukiinunua, ile pochi ya ngozi itupe. Inashika unyevu.

MwanaKizingo
Nimetoka huko. 55mm visu vinaruka, ila kuna nyuzi pembeni kwenye kioo cha nyuma, ndogo kama ukucha wa mtoto. Anashuka hadi 7,000. Helios safi kabisa.

FundiShata_Tanga
Kioo cha nyuma upande wa nje au wa ndani?

MwanaKizingo
Nje. Nimeipangusa kwa kitambaa, nusu imetoka.

FundiShata_Tanga
Mpe 5,000. Akikataa, chukua Helios, na Zenit_wa_Bububu asinicheke.