Gumzo la Ukoo wa Mzee Faki: Safari ya Salem

IJUMAA

Mwanaidi (Houston): Asalaam aleikum, ndugu zangu nyote. Kama tulivyokubaliana kwenye arusi ya Time, mkutano wa ukoo wa mara hii utakuwa Salem, Massachusetts, kwa siku nne, na mimi napendekeza wiki ya mwisho ya Juni. Salem haina uwanja wa ndege za abiria, kwa hiyo sote tutashukia uwanja wa Logan, Boston, kisha tutaendelea pamoja kwa treni. Naomba kila mmoja aniandikie majina yake kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, pamoja na uwanja atakaoondokea, kabla ya Jumapili usiku. Na tafadhali tuandike sentensi zilizokamilika, kwa sababu Ami Haji yumo humu na mnajua anavyochukia vifupisho.

Mwanaidi: Naona ujumbe umesomwa na watu 18, na aliyejibu ni mmoja, tena kwa alama ya kidole gumba. Kidole gumba hakikatiwi tiketi.

Suleiman (Minneapolis): Dada, Salem si ndio ule mji wa wachawi? Ikiwa wenyeji wetu ni wachawi, sioni kwa nini tuhangaike na nauli za ndege. Waandikie watuletee ungo, tuondoke saa sita za usiku na kabla ya alfajiri tuwe tumeshafika, bila ya kuvuliwa viatu wala kupimiwa mizigo.

Shangazi Zuhura (Maskati): Huo ungo una nafasi ya kunyoosha miguu? Goti langu hili haliwezi kukunjwa saa 14.

Suleiman: *Ujumbe huu umefutwa.*

Shangazi Zuhura: Nimeshausoma, mwanangu, na mama yako angekuwa hai angekufuata huko huko Minneapolis.

Mwanaidi: Naomba tusipotee njia. Waliouawa Salem mwaka 1692 hawakuwa wachawi. Walikuwa watu waliosingiziwa na majirani zao, 19 wakanyongwa, na mzee mmoja aitwaye Giles Corey akagandamizwa kwa mawe mpaka roho ikamtoka. Kumbukumbu yao iko katikati ya mji, kando ya makaburi ya zamani, na tutakwenda kuitazama kwa adabu. Turudi kwenye majina.

JUMAMOSI

Rahma (Boston): Shikamooni wakubwa wote. Mniwie radhi kwa kuchelewa, nilikuwa na mtihani. Nimeshafika Salem na naijua njia yake, kwa hiyo naomba nieleze. Kutoka Logan kuna basi la bure linalowapeleka abiria kwenye stesheni ya Airport, na hapo mtapanda treni ya mjini iitwayo Blue Line mpaka State, mbadilishe kwa Orange Line mpaka North Station, kisha treni ya mji wa jirani inayokwenda Newburyport au Rockport, ambayo hufika Salem kwa muda wa kama nusu saa. Ila kwa Bibi Zuhura sipendekezi njia hiyo, kwa sababu ya ngazi na kubadilisha mara mbili akiwa na sanduku. Kuna boti ya abiria inayoondoka Long Wharf, karibu kabisa na stesheni ya Aquarium, na mwendo wake haufiki saa moja. Boti hiyo haifanyi kazi majira ya baridi, lakini Juni ipo.

Shangazi Zuhura: Boti nimeipenda. Mimi na bahari tunafahamiana.

Mwanaidi: Ahsante sana, Rahma. Sasa nazungumza na Shangazi hasa. Nimeona kuna watu wanaokushauri upitie New York ukaone jamaa. Usikubali. Msafiri anayeingia Marekani hupita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaoshukia, na ni hapo hapo anapotakiwa kuchukua masanduku yake na kuyakabidhi upya kabla ya kupanda ndege ya pili. Utajikuta peke yako New York, goti linauma, unasukuma toroli na huku unatafuta ndege nyingine. Qatar Airways wanaruka moja kwa moja kutoka Doha mpaka Boston, na Emirates wanaruka kutoka Dubai, kwa hiyo utabadilisha ndege huko huko Ghuba, ambako unajua kuuliza njia kwa Kiarabu, na ukishuka Logan utatokea Terminal E, na Rahma atakuwa amesimama nje ya mlango anakusubiri.

Rahma: Nitakuwepo, In Sha Allah, na nitashika karatasi yenye jina lako kama wanavyofanyiwa wakubwa wa serikali.

Suleiman: Mimi nimepata nauli ya chini kidogo kwa kushukia Providence, jimbo la Rhode Island. Ramani inaonyesha kwamba ni karibu tu.

Rahma: Ami Suleiman, ramani inasema kweli lakini haisemi yote. Treni ya Providence inaingia Boston kwa South Station, na treni ya Salem inatoka North Station, na baina ya stesheni hizo mbili hakuna treni inayopita moja kwa moja. Utavuka mji mzima na mabegi yako kwa Red Line na Orange Line, na kile ulichookoa kwenye nauli utakila kwa njaa na hasira njiani.

Suleiman: Basi nimesalimu amri. Lakini Juni siiwezi. Kiwandani nimepewa likizo ya Oktoba, na mimi nasema twende Oktoba, majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi.

Rahma: Oktoba ndio mwezi wa kuukimbia mji ule. Wenyeji wa Salem ni kama watu 44,000, na mwezi huo mmoja, kwa sababu ya sherehe za Halloween, wageni hupita milioni moja. Vyumba vya kulala huchukuliwa mapema sana na njia hazipitiki. Kwa ukoo wenye wazee na watoto wachanga, naona ni mateso ya kujitakia.

Mwanaidi: Umesikia, Suleiman? Na kitambulisho chako kiko wapi? Tangu tarehe 7 Mei 2025, hata kwa ndege za ndani ya nchi wanataka leseni ya aina ya REAL ID au pasipoti. Mara ya mwisho ulikuwa ukitembea na leseni iliyokatika pembe.

Suleiman: Pembe imegundishwa.

Maulidi (Toronto): Nimesoma yote tangu jana na nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Mimi sina tatizo la viza, kwa sababu pasipoti yangu ni ya Kanada, na uhamiaji wa Marekani nitaumaliza hapa hapa uwanja wa Pearson kabla ya kupanda ndege, nishuke Boston kama mtu anayetoka mkoa wa jirani. Tatizo langu ni jingine. Kabla sijaandika jina langu, nataka kujua tiketi za mara hii zinakatwa na nani, kwa sababu yale ya Dallas sijayasahau.

Mwanaidi: Kaka Maulidi, jina nililoandika ndilo ulilonitumia.

Maulidi: Nilituma majina matatu, yakafika uwanjani mawili, tena la babu likiwa limegeuzwa la ukoo. Nyinyi mlikuwa Dallas mnakula pilau, mimi nimekaa juu ya sanduku lenye halua zenu. Hilo nimeshalisamehe. Lakini shirika la ndege lilirudisha nauli yangu kwa hati ya kukatia tiketi nyingine, na hati ile ilisafirisha mtu mwingine.

Fatma (Leicester): Jamani, tulikubaliana kwamba jambo hilo halitajwi tena.

Maulidi: Mlikubaliana nyinyi.

Suleiman: Halua yenyewe ilifika? Nauliza kwa sababu mimi nilipewa boksi tupu.

Mwanaidi: Suleiman, si sasa.

JUMAPILI

Ami Haji (Unguja): Wanangu, nimesoma maneno yenu baada ya sala ya alfajiri, na nimeyasoma mara ya pili nikiwa na miwani.

Mnaizungumza Salem kama mji wa wachawi na treni, ilhali mji huo ulikuwa na biashara na sisi kabla ya babu yangu kuzaliwa. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani ulitiwa saini Maskati mwaka 1833, akiwakilisha upande wao Edmund Roberts, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mtoto wa Salem. Majahazi yao yalileta merikani, ile pamba ngumu isiyotiwa rangi ambayo ilipendwa pwani na bara hata ikawa ndiyo sarafu ya misafara, na yalirudi na pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa miti) na ngozi. Sandarusi ya mrima ilikuwa ikioshwa na kusafishwa huko huko Salem kabla ya kuuziwa watengenezaji wa vanishi, na pembe zilikwenda Connecticut zikageuzwa vitana na vibao vya piano. Walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 pamba yao ikaadimika, na biashara ile haikurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Waters huyo alikuwa mtu wa dini, aliyeandika katika daftari zake kwamba utumwa unamchoma moyo. Hata hivyo mshirika wake alikuwa Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Sayyid, na pembe alizozinunua zilishuka pwani juu ya mabega ya watu ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kuzibeba. Mkifika huko mkasimama mbele ya nyumba nzuri za manahodha, waambieni watoto hilo pia, msiwaonyeshe ufagio wa mchawi peke yake.

La pili. Habari za Dallas nazijua, na ninajua zaidi ya yaliyoandikwa hapa. Sitaki kuzisoma tena katika kikundi hiki. Mwanaidi, mpigie kaka yako umsikie kwa sauti yake. Maulidi, simu ikilia, ipokee. Tiketi ya mtu yeyote isikatwe mpaka nyinyi wawili mmemaliza.

*(Saa tano zimepita bila ujumbe wowote.)*

Shangazi Zuhura: Umesema, kaka.

Mwanaidi: Nimesikia, Ami.

Suleiman: Tumesikia sote, Ami.

Rahma: Shikamoo Babu. Hayo ya sandarusi sikuyajua, nami nimepita pale pale. Gati ya Derby ni ndefu sana na nyembamba, imeota majani, na mwisho wake kuna mnara mdogo mweupe wa pembe nne uliojengwa 1871. Maghala yaliyokuwa yamepangana juu yake karibu yote yametoweka, na siku niliyokwenda kulikuwa na mtu mmoja tu anayetembeza mbwa. Ukigeuka unatazamana na jengo la forodha la 1819, lenye tai wa rangi ya dhahabu juu ya paa. Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya kihistoria ya taifa mwaka 1938, la kwanza la aina yake nchini humu. Na kwenye makumbusho ya Peabody Essex bado upo ukumbi wa chama cha wale manahodha, uliofunguliwa mwaka 1825 mbele ya Rais John Quincy Adams. Hakuingia chama kile isipokuwa aliyeizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Cape Horn kwa meli.

Ami Haji: Basi wewe ndiye utakayewatembeza. Mwanaidi apange vyumba na chakula.

Mwanaidi: Vyema, Ami. Kwa hiyo kilichokwisha kuamuliwa ni kwamba tunashukia Boston, Shangazi anapita Doha au Dubai na kuendelea kwa boti, na Rahma ndiye kiongozi wa mjini. Kilichobaki ni tarehe. Wanaotaka Juni ni mimi, Shangazi na Rahma. Suleiman hawezi Juni. Wengine 13 sijui wanataka nini, kwa sababu hawajaandika hata herufi moja tangu Ijumaa.

Fatma: Mimi Juni sifungi shule, huku kwetu watoto wanafunga Julai. Halafu nami nahitaji kuomba kibali cha ESTA, kile cha kuingia Marekani bila viza, kabla ya kukata tiketi, kwa hiyo nisihesabiwe bado.

Suleiman: Nitamwomba msimamizi wangu anibadilishie likizo, lakini siahidi. Akikataa, mtanitumia ungo.

JUMATATU

Bakari (Columbus): Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku siku tatu mfululizo. Nimetazama tiketi za Salem na nimeona inafikika kwa urahisi kupitia Portland, jimbo la Oregon, na uwanja wenyewe si mbali. Nikate?

Rahma: Hapana, ami, hapana! Hiyo ni Salem nyingine kabisa, makao makuu ya jimbo la Oregon, upande wa pili wa nchi.

Suleiman: Mwache akate. Atatuwakilisha kule.

Mwanaidi: Bakari, usikate kitu chochote. Kaka Maulidi, jana nilipiga mara mbili simu ikaita mpaka ikakatika. Nitapiga tena leo saa mbili usiku kwa saa za Toronto. Naomba uniandikie hapa majina yako yote matatu, herufi kwa herufi, ili yawe tayari.

Maulidi: Jana nilikuwa kazini. Leo saa mbili nitapokea. Majina nitayatuma baada ya simu.