Tupeane uzoefu: TV inayochungulia sebuleni, na namna ya kutazama filamu bila kuiunga na intaneti

Mkazi_Kawempe
Wadau, salaam. TV nyingi zinazouzwa Kampala sasa, hata za inchi 32, zina Wi-Fi, na ukiziwasha mara ya kwanza zinakutaka ukubali masharti marefu kwa Kiingereza. Watu wanabonyeza OK ili mpira usiwapite. Mwenye ujuzi aandike: TV inachukua nini, inazimwa wapi, na tutazameje bila kuitegemea? Nataka hatua kamili.

FundiRuta
Tatizo kubwa linaitwa ACR, yaani TV kutambua kinachoonekana kwenye kioo. Inanasa vipande vya picha na sauti, inavigeuza kuwa alama fupi, kisha inazituma kwenye seva zilinganishwe na hazina ya vipindi. Watafiti wa vyuo vikuu vya London, Davis na Madrid walipima mwaka 2024: LG zilituma takriban kila sekunde 15, Samsung kila dakika. Na zilituma hata TV ilipokuwa kioo tu cha laptopu kwa waya wa HDMI. Kwa hiyo dekoda si kinga, maadamu TV yenyewe iko kwenye Wi-Fi. Huko Marekani, Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kukusanya habari hizi kwenye TV milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe.

Pa kuzima:
Samsung: Settings, All Settings, General & Privacy, Terms & Privacy, halafu ondoa tiki kwenye "Viewing Information Services".
LG: Settings, General, System, Additional Settings, zima "Live Plus".
Google TV: Settings, Privacy. Zima "Usage & Diagnostics", kisha ingia "Ads" ufute kitambulisho cha matangazo. Kama ni Sony, tafuta pia "Samba Interactive TV".

Watafiti hao waliona kwamba ukizima, utumaji wa ACR unakoma. Ila kila TV ikijisasisha rudi ukague, na majina ya menyu hutofautiana kwa mwaka wa toleo.

MamaAisha_Mbale
Asante fundi. Dawa ya uhakika zaidi ni kutoiunga kabisa. Kwenye usanidi wa kwanza ruka hatua ya Wi-Fi. TV itafanya kazi kwa HDMI, antena na flashi. Kama ilishaungwa, usiishie kukata muunganisho, maana itarudi yenyewe. Chagua "Forget" kwenye jina la Wi-Fi, au badilisha nywila ya ruta. Sasisho likihitajika, pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, uliweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32.

Tena sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data binafsi hapa Uganda inataka ridhaa, na data ya watoto inahitaji ridhaa ya mzazi. Anayebonyeza OK sebuleni mara nyingi ndiye mtoto.

FundiRuta
Kweli kabisa. Kwa wanaotaka TV ibaki mtandaoni kwa ajili ya YouTube, zuieni `samsungacr.com` na `alphonso.tv` (hii ya pili ni ya LG) kwa Pi-hole, programu ya nyumbani inayozuia tovuti kwa majina yake. Weka IP (anwani ya mtandao) ya Pi-hole kuwa DNS (mtafsiri wa majina ya tovuti) kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta, yaani sehemu inayogawa anwani kwa vifaa. Baadhi ya TV hukaidi na kuuliza 8.8.8.8, DNS ya Google, moja kwa moja. Hapo ruta lazima izuie mlango (port) 53, unaopitisha maswali ya DNS, kwa kila kifaa isipokuwa Pi-hole. Ruta nyingi ndogo za laini za simu hazina uwezo huo, kwa hiyo usishangae Pi-hole ikionekana haifanyi kitu.

Kasuku_Jinja
Kwenye kutazama filamu zako mwenyewe, nashauri Jellyfin, programu inayogeuza kompyuta kuwa seva ya filamu. Ni ya bure, haihitaji akaunti ya kampuni yoyote, na kila kitu kinabaki nyumbani. Laptopu ya zamani inashinda Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) hapa kwetu kwa sababu moja kubwa: ina betri. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya filamu, Pi inazimika ghafla na kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, laptopu inaendelea. Pi 5 pia haina kifaa cha ndani cha kubana video, kwa hiyo kugeuza filamu nzito kunaielemea.

Tafuta Intel Core i5 ya kizazi cha 7 au zaidi, RAM GB 4 au zaidi, na diski ya nje ya TB 1. Weka Debian (mfumo wa Linux), kisha andika kwenye terminal:

`curl https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash`

Fungua kivinjari kwenye kifaa chochote cha nyumbani, andika IP ya laptopu na `:8096`. Panga filamu hivi: Filamu/Jina (2019)/Jina (2019).mkv. Ukizirundika kwenye folda moja bila mwaka, inazipachika majina na picha za filamu nyingine.

Wengi wanakwama sehemu hizi. Kwanza, Jellyfin inaonyesha folda tupu ilhali filamu zimo. Sababu: Debian ikifungua diski yenyewe huiweka chini ya `/media/jina-lako`, na mtumiaji anayeitwa jellyfin haruhusiwi kuingia humo. Andika diski kwenye `/etc/fstab` (faili la orodha ya diski) kwa UUID yake (namba ya utambulisho), uipeleke `/mnt/filamu`, na uongeze `nofail`, la sivyo mashine itagoma kuwaka siku diski haijachomekwa. Pili, ukifunga laptopu inalala. Kwenye `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uiwashe upya. Tatu, picha kukwamakwama. Mara nyingi filamu ni HEVC (aina ya ubanaji wa video), kifaa cha kutazamia hakiijui, na seva inalazimika kuigeuza. Washa Quick Sync (kigeuzi cha video kilicho ndani ya Intel) kwenye sehemu ya Playback ya Jellyfin, au hifadhi filamu kwa H.264 na sauti ya AAC, ambazo karibu kila kifaa kinazicheza.

Mkazi_Kawempe
Kasuku, hii inakula bando?

Kasuku_Jinja
Haili, ndugu. Filamu inatoka kwenye laptopu hadi ruta hadi TV, haitoki nje ya nyumba. Hata bando likiisha inacheza. Linganisha na Netflix: HD hufika GB 3 kwa saa, na data yetu ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, juu ya VAT. Zuia TV kutoka nje kwenye ruta kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa), ila hakikisha kizuizi ni cha intaneti tu. Ukichagua kichujio cha Wi-Fi, TV haitaifikia hata seva. TV isiyo na programu ya Jellyfin inaweza kutumia DLNA (njia ya vifaa vya nyumbani kupeana video), lakini tangu toleo 10.9 hiyo ni programu-jalizi ya kuongeza mwenyewe.

Duka_Kikuubo
Jamani, msikimbie TV mkaangukia boksi za Android za bei ya chini zisizo na jina. Baadhi hutoka kiwandani na virusi ndani. FBI ilitoa onyo la BADBOX 2.0 Juni 2025: boksi inaungwa na mtandao wa wahalifu, na intaneti ya nyumbani kwako inapitisha shughuli zao. Kurudisha mipangilio ya kiwandani hakusaidii, kwa kuwa virusi vimo kwenye mfumo wenyewe.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe. Ikikutaka uzime Play Protect (kinga ya Google dhidi ya programu hatari), iache. Ikiahidi chaneli zote za kulipia bure, iache. Netflix ikifunguka kama ya simu, inayohitaji mshale wa panya, boksi hiyo haijaidhinishwa.

Mzee_wa_Arua
Kwa habari na chaneli za bure, antena ya UHF yatosha. Matangazo yetu ni DVB-T2 (mfumo wa matangazo ya dijitali kwa antena), kwa hiyo kagua karatasi ya TV: ikiandikwa DVB-T tu, utahitaji dekoda. Elekeza antena kwenye mnara ulio karibu, tafuta chaneli upya, kisha igeuze kidogo kidogo ukitazama kipimo cha ubora wa mawimbi, siyo cha nguvu. Nguvu ikiwa juu na ubora ukawa chini, angalia waya na viungio vyake kabla ya kununua antena nyingine.