Naomba ushauri: nikibadilisha jina la duka, nitapotea kwenye Google Maps?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Duka tulifungua wawili, mwenzangu akaenda zake kwa heri, sasa nataka jina langu mwenyewe. Usajili wa jina kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, haunisumbui. Kinachonikosesha usingizi ni Google Maps.

Wateja wangu wengi, hasa wa Nyali na Bamburi, hunipata wakitafuta "fundi wa friji". Jina la zamani lina neno friji, jipya halina. Google wenyewe wanasema huangalia biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na inavyojulikana. Na jina wanataka liwe lile la kwenye bango. Kwa hiyo ule ujanja wa kubandika "friji AC Nyali bei poa" kwenye jina siutaki, ukurasa waweza kufungiwa.

Kijana mmoja wa saiba kaniambia nifungue ukurasa mpya kabisa. Yaani maoni ya wateja ya miaka 6 niyatupe baharini? Naona afadhali nihariri jina kwenye ukurasa uleule, hata wakitaka kunithibitisha upya.

Waliopitia haya, mlianza na bango au na mtandao? Facebook na kwingineko mlibadilisha siku hiyohiyo? Na je, simu zilipungua, kwa muda gani? Kaskazi inakaribia, na joto ndilo linalonilisha. Nikikosea sasa, nimekwisha.