Tupeane uzoefu: darubini ndogo za bei nafuu za kuangalia ndege. Wewe unatumia ipi?

Shore wa Muheza (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Naongoza wageni kule msitu wa Amani na nimechoka kuazima darubini ya mgeni, maana anaidai pale pale ndege anapotulia. Nataka yangu. Bajeti laki tatu za Kitanzania, ikisukumwa sana laki tatu na nusu. Iwe ndogo, iingie mfuko wa koti, kwa sababu napanda na bodaboda na mvua za Usambara mnazijua. Dukani wananiambia yenye namba kubwa ndiyo nzuri. Ni kweli? Walionazo waseme imewafaa wapi na imewaangusha wapi. Maneno ya kwenye boksi sitaki, hayo nimeshayasoma.

Mjomba Kitonga
Laki tatu kuangalia njiwa? Haya bwana. Nakaa hapa nisome.

Mdiria254
Shore, namba kubwa ni mtego. Kwenye 8x25, nane ni ukuzaji na 25 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. 8x25 inakupa kama milimita 3, 8x32 inakupa 4, 8x42 inakupa 5 na ushee. 10x25, ambayo kila muuzaji anaisifu, inakupa 2 na nusu tu, na kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara kumi.

Jua likiwaka mboni ya jicho hujifinya hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo 8x25 inatosha kabisa. Alfajiri mboni inapanuka na darubini ndogo haina mwanga wa kuijaza. Mimi nina Nikon Travelite 8x25. Nairobi National Park saa tatu asubuhi naiona dunia yote. Nikiingia nayo msitu wa Karura kabla jua halijapanda, ndege wote wanageuka kuwa weusi.

Kama uko Nairobi, kabla hujatoa pesa nenda matembezi ya kuangalia ndege ya Jumatano asubuhi ya chama cha Nature Kenya, yanaanzia Makumbusho. Yapo tangu 1971, aliyeyaanzisha ni Fleur Ng'weno. Kila mtu ana darubini ya aina yake shingoni, na ukiomba kwa adabu utachungulia. Hakuna duka litakalokupa nafasi hiyo.

Shemeji Mtata
Shemeji yangu alinizawadia moja ya kukunja, imeandikwa 60x60, lenzi nyekundu kama macho ya paka usiku. Mkuu, 60x60! Nilipoilinganisha na ya rafiki yangu ya 8x, zinakuza sawasawa. Hiyo 60 sijui walihesabu nini. Yangeyange mweupe pe niliyemtazama shambani alionekana kijanikijani. Nimeiacha kwa watoto, wanacheza nayo umaharamia. Shemeji akija tunaitoa kabatini.

Fundi Lenzi, Mombasa
Hizo lenzi nyekundu kimbieni. Ile rangi inarudisha nje sehemu ya mwanga mwekundu, ndiyo maana picha inageuka kijani. Nawapa vipimo vya kufanya pale pale dukani, bila kifaa.

Inamisha darubini chini ya taa utazame lenzi ya mbele kwa pembeni. Mng'ao ukiwa hafifu, wa kijani au zambarau, lenzi imepakwa dawa ya kupitisha mwanga zaidi. Mng'ao mweupe kama kioo cha dirisha maana yake hakuna kitu.

Kisha nyoosha mikono, elekeza darubini kwenye anga (si kwenye jua, tafadhali), utazame vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za jichoni. Vikiwa mviringo safi, prizimu (vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha iwe wima) ni nzuri, kwa kawaida ile wanayoandika BaK-4. Vikiwa na kingo za kijivu kama mraba umelazimishwa ndani ya duara, ni kioo cha bei ya chini.

La tatu ndilo kubwa kwa mitumba. Tazama nguzo ya umeme iliyo mbali, macho yote mawili wazi. Ukiona nguzo mbili, au macho yanavutana na kichwa kinaanza kuuma, prizimu imehama. Hiyo ilianguka. Usimsikilize anayesema utaizoea, na gharama ya kuirudisha sawa inaweza kuipita bei ya darubini yenyewe.

Sisi wa pwani tuna ugonjwa wetu, ukungu ndani ya lenzi. Unaota kama utando wa buibui na ukikomaa unakula ule upako. Ukipata darubini isiyopitisha maji iliyojazwa naitrojeni, ichukue hiyo. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Iweke kwenye kopo linalofunga sawasawa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Na vumbi lipulize kwanza ndipo ufute. Ukianza na upindo wa kanga unasugua mchanga juu ya lenzi.

Bi Ninga
Nami nipo Pemba, na navaa miwani. Jamani hili hamjalisema. Darubini nyingi ndogo zinataka jicho ligusane na lenzi, sasa mwenye miwani anaona kitundu tu katikati. Tafuteni palipoandikwa umbali wa jicho (eye relief), uwe milimita 15 au zaidi, na vile vikombe vya machoni viwe vya kuzungusha vishuke chini. Mie natumia Celestron Nature DX 8x32, mwanangu aliniletea. Mfukoni haiingii, naivaa shingoni chini ya mtandio. Kule msitu wa Ngezi nimemwona ninga wetu wa Pemba akila matunda juu kabisa, rangi zake zote, na miwani yangu usoni.

Halafu zungusheni kile kipete cha jicho la kulia. Wengi wanakiacha kilivyotoka kiwandani. Funika lenzi ya kulia, linganisha la kushoto kwa gurudumu la kati mpaka picha iwe kali, kisha funika ya kushoto, linganisha la kulia kwa kipete. Basi, usikiguse tena mpaka mtu aiazime.

Sululu wa Mida
Watamu hapa. Kwa ndege wa ufukweni, darubini yoyote ya mfukoni ina mpaka wake. Kitwitwi walio mbali kule matopeni hata 10x42 hutajua nani ni nani, pale ni kazi ya teleskopu ya miguu mitatu. Dawa ya maskini ni kujua maji. Fika Mida Creek maji yakiwa yanajaa, kaa chini utulie, maji yenyewe yatawasukuma ndege kuja kwako. Kati ya Septemba na Aprili, wageni kutoka kaskazini wakiwepo, 8x25 yangu inanitosha kwa mtindo huo.

Na tahadhari moja ambayo haiandikwi kwenye boksi: bandari, kambi, uwanja wa ndege, usiinue darubini. Askari hatakuuliza habari za ndege sululu.

Mswahili wa Maskati
Sululu, wale ndege weupe na weusi wala kaa mnaowaona Mida, huku Oman wapo kwa maelfu kule Barr Al Hikman wakati wa baridi. Mimi natembea na Pentax Papilio 6.5x21. Ina sifa moja ya ajabu, inalenga kitu kilicho nusu mita, kipepeo unamhesabu magamba. Ila jioni haifai, lenzi ni ndogo mno. Iwe darubini yako ya pili.

Shore wa Muheza
Nimewasoma wote, shukrani. Basi nimebaki na mbili kichwani, 8x25 iingie mfukoni au 8x32 nivae shingoni. Yule ndege mdogo, chozi wa Amani, anakaa juu kabisa ya miti, na msitu ule saa mbili asubuhi bado kiza.

Fundi Lenzi, Mombasa
8x32, bila kufikiri mara mbili. Kwenye bodaboda ipitishe mkanda begani, ikae ndani ya koti. Ukiagiza nje hesabu na ushuru, laki tatu na nusu isije ikawa tano.

Bi Ninga
Mwanangu anarudi mwezi ujao kutoka huko huko aliponunulia yangu. Njoo faraghani tuone kama ana nafasi kwenye begi. Pesa utampa mkononi ukishaifanyia vipimo vya fundi.

Mjomba Kitonga
Bi Ninga, akiwa na nafasi ya mbili unijulishe na mimi. Kuna ndege ananipigia kelele dirishani kila alfajiri, nataka nimjue.