Mama anasubiri upasuaji: apumzike au afanye mazoezi?

Binti wa Kimara: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu, mwenye miaka 64, amepangiwa kuondolewa uvimbe kwenye utumbo mpana baada ya wiki 5. Tangu tupewe tarehe, shangazi zangu wamemkataza hata kufagia uwanja ili atunze nguvu, ilhali daktari amemwambia atembee kila siku. Naomba kueleweshwa: mazoezi yanamsaidia nini mtu anayekwenda kupasuliwa na kulala kitandani?

Muuguzi wa Wodini: Dada, mfuateni daktari. Upasuaji mkubwa ni kazi nzito kwa mwili, kwa sababu kwa siku kadhaa baada yake mwili hudai oksijeni nyingi zaidi ili kuunga kidonda na kupambana na vijidudu, na moyo na mapafu yaliyozoea kazi ndiyo yanayolimudu dai hilo. Misuli nayo huyeyuka upesi kitandani, hasa kwa mtu mzima. Aliyeingia na akiba ndogo hutoka akishindwa hata kunyanyuka kitini.

Mfundisheni pia kuvuta pumzi ndefu, na kukohoa huku amekumbatia mto tumboni, maana anayeogopa kukohoa hubaki na makohozi na huweza kupata nimonia. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nusu saa tu ya mafunzo ya fiziotherapia kabla ya upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo ilipunguza matatizo ya mapafu kwa nusu. Mama yenu anapasuliwa utumbo, lakini ningemfundisha vilevile.

Mzee wa Manzese: Marahaba, binti yangu. Nilipopangiwa upasuaji wa tumbo, nilikuwa nikipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu hapa Manzese kila alfajiri, kabla jua halijawa kali. Wiki ya kwanza nilisimama mara tatu nikiwa nimeshikilia chuma cha pembeni. Wiki ya nne nilifika juu bila kusimama. Siku ya pili baada ya kupasuliwa nilikwenda msalani kwa miguu yangu, nikisukuma stendi ya dripu. Sigara niliiacha mapema, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linahimiza kuiacha angalau wiki 4 kabla.

Binti wa Kimara: Nawashukuru sana. Mama huchoka akitembea hata mwendo mfupi. Tumlazimishe?

Muuguzi wa Wodini: Hapana, msimlazimishe. Uvimbe wa utumbo huweza kuvuja damu kidogo kidogo, kwa hiyo mwulizeni daktari kama wingi wa damu yake umepimwa, kwani huenda uchovu huo unatokana na upungufu wa damu unaotakiwa kutibiwa kwanza. Akiruhusiwa, aanze na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mwendo wa kumfanya aheme kidogo lakini aweze kuzungumza, kisha ainuke kitini na kuketi mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono. Mayai, dagaa na maharage visikosekane, ikiwa hajakatazwa. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo.