Kuita Kaskazini mzigo wa taifa kumenichosha sasa

Wadau, kila bajeti ikisomwa lazima atokee mtu aseme kaunti za kaskazini mwa Kenya, yaani Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa, zinakula ushuru wa wengine, ati huko ni jangwa na watu wa kungoja chakula cha msaada. Nani aliwadanganya hivyo?

Tuanze na stima maana hapo ndio hasira inanipanda. Kuna mitambo 365 ya upepo Loiyangalani, Marsabit, megawati 310, na laini ya zaidi ya kilomita 400 imevutwa hadi Suswa ndio huo umeme uingie kwa gridi ya taifa. Yaani nguzo zimepita juu ya vichwa vya wafugaji, jua likizama manyatta nyingi za huko ni giza, halafu wewe unachaji simu Nairobi ukiandika kwamba hao watu hawachangii kitu! Na nyama je? Ng'ombe, mbuzi na ngamia wengi wa nchi hii wako maeneo kame, na wafugaji ndio wanawalea.

Mafuta yalipatikana Turkana 2012. Mwaka 2018 malori yalipoanza kuyabeba kwenda Mombasa wenyeji wakafunga barabara, wanataka usalama na mgao wao, wakaitwa walafi. Sheria ya petroli ya 2019 ikaipa jamii asilimia 5 ya faida ya mafuta inayoingia serikalini, serikali kuu 75. Mlafi hapo ni nani?

Na msiniambie umaskini wa huko umeletwa na kukosa mvua. Mkoloni aliifunga kaskazini kwa sheria ya 1926, hungeingia wala kutoka bila kibali, akaifanya ukuta wake dhidi ya Ethiopia na Somalia. Mzee Kenyatta mwenyewe alifungwa Lokitaung kisha akawekwa Lodwar, zote huko Turkana, kwa sababu ilijulikana huko mtu akipelekwa amepotea. Sasa uhuru ukaja, na mwezi huo huo, Desemba 1963, hali ya hatari ikatangazwa huko kwa ajili ya vita vya Shifta, wale waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia. Vita viliisha 1967 lakini ile hali haikuondolewa mpaka 1991, hebu fikiria watoto waliozaliwa, wakakua, wakaoa, bado wako chini ya amri ya askari. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakaachwa juani bila maji, wakauawa. Watu wanaotuita mzigo hili hawaligusi kabisa.

Halafu kuna ile sera ya 1965, waraka wa serikali ulioitwa Sessional Paper namba 10, iliyosema pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitazaa haraka, yaani penye mvua, reli na barabara tayari. Sehemu zilizonyimwa na mkoloni zikanyimwa tena na serikali yetu wenyewe. Lami ya Isiolo hadi Moyale imekamilika juzi tu, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru.

Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maji, barabara, afya na umeme wa sehemu zilizosahaulika. Miaka imepita pesa zinakwama Nairobi, mara kesi, mara kanuni zikachelewa kupitishwa. Kwa hivyo kabla hujauliza kaskazini inakula nini, muulize mbunge wako ile nusu asilimia imelala wapi, umlete hapa na majibu.