Lev Perovski: waziri aliyeachia madini jina lake

Swali: Ndugu zangu, katika habari za seli mpya za umeme wa jua nimekutana na neno perovskiti, jina la aina ya jiwe, lililotokana na jina la waziri wa Urusi. Alikuwa nani, na je, ndiye aliyeligundua jiwe hilo?

Jibu la 1: Ni Lev Perovski (1792–1856), mwana wa nje ya ndoa wa Alexey Razumovsky, kabaila mwenye cheo cha "count". Alipigana mwaka 1812 katika vita vya Borodino, dhidi ya jeshi la Napoleon, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1841 hadi 1852, na mwaka 1849 yeye mwenyewe akapewa cheo hicho cha "count".

Jibu la 2: Hakuligundua yeye. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural, lenye kalsiamu, titani na oksijeni, akalipa jina la Perovski, ambaye alikuwa mkusanyaji mwenye mapenzi makubwa ya madini. Naona heshima hiyo alistahili.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Basi seli hizo zimetengenezwa kwa jiwe hilohilo?

Jibu la 2: Hapana, ndugu. Zinatumia viambato vingine, mara nyingi metali ya risasi na iodini, ila mpangilio wa atomi zake ndio unaofanana na wa jiwe lile.